Mwandishi Huru wa Riwaya katika Nyanda za Juu Kusini: Riziki, Karatasi na Malengo ya Utunzi, 1966–2023

1.0 Utangulizi

Historia ya riwaya ya Kiswahili nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kutoka pwani na visiwani, kisha kutoka Dar es Salaam. Shaaban Robert hutajwa pamoja na Tanga, Muhammed Said Abdulla pamoja na Unguja, na hata Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, huingizwa katika historia hiyo zaidi kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa na Mbeya pamoja na maeneo yaliyokuwa sehemu ya mikoa hiyo kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, zimekuwa zikionekana kama mandhari ya kazi za watu wengine kuliko kama makazi ya watunzi. Mfano ulio wazi ni tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe (1979). Mtwa Mkwawa, aliyepambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898, aliingizwa katika fasihi andishi ya Kiswahili na M. M. Mulokozi, mwandishi aliyetoka Kagera.

Insha hii inachunguza nafasi ya mwandishi huru wa riwaya katika eneo hilo. Istilahi ya mwandishi huru inatumika hapa kwa maana ya mtunzi asiyeajiriwa kwa ajili ya kutunga, ambaye huandika kwa muda wake mwenyewe na kwa dhamira aliyojichagulia. Uhuru huo una pande tatu ambazo ni vema zikatenganishwa: uhuru wa riziki, uhuru wa uchapishaji na uhuru wa dhamira. Hoja ya msingi ni kwamba pande hizo tatu hazikukua pamoja. Mtunzi wa Nyanda za Juu Kusini alipata mapema uhuru wa riziki, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlipa kwa kalamu yake. Uhuru huo ulimsaidia kulinda dhamira yake, lakini ulimwacha bila njia ya kuchapisha. Matokeo yake ni kazi chache zinazoonekana katika kumbukumbu za kitaifa, na uchache huo umechukuliwa na baadhi ya wasomi kuwa ni ushahidi wa uchache wa vipaji.

Kazi za Claude G. Mung'ong'o, mwandishi wa Mirathi ya Hatari (1977) na Njozi Iliyopotea (1980), zinatumika kama kitovu cha uchunguzi. Kazi hizo zinalinganishwa na njia iliyofuatwa na waandishi wa riwaya pendwa waliojichapishia wenyewe jijini Dar es Salaam.

2.0 Wasomaji Walitangulia Wachapishaji

Si kweli kwamba Nyanda za Juu Kusini zilichelewa kupata wasomaji. Wamoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na kituo cha Tosamaganga karibu na Iringa kilianzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 kabla ya kushikwa na Wakonsolata. Shule ya Malangali ilifunguliwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, lilisafiri hadi bara likiwa na habari, mashairi na hadithi, na kuwazoesha wasomaji kuona masimulizi ya Kiswahili yakiwa yamepigwa chapa. Mtoto wa Kihehe, Kibena, Kikinga au Kinyakyusa aliyepita katika shule hizo alitoka akijua kusoma lugha ambayo mara nyingi haikuwa lugha ya mama yake.

Jambo hilo lina uzito katika kueleza malengo ya mtunzi wa eneo hili. Kwa mwandishi wa Unguja, Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kwa mwandishi wa Njombe au Tukuyu, Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya barabara na ya taifa. Kuandika riwaya kwa Kiswahili kulikuwa ni uamuzi wa kuvuka mipaka ya wilaya na kuzungumza na msomaji ambaye hakuyajua mazingira ya baridi, mashamba ya ulezi wala kilabu cha ulanzi. Mtunzi huyo alilazimika kueleza nyumbani kwao kwa mtu wa mbali, huku akijua kwamba watu wa nyumbani nao wangesoma.

Wachapishaji, kwa upande wao, walikuwa mbali. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa na makao yake Nairobi. Tanzania Publishing House (TPH) ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ikawa chombo cha umma. Iringa iko takriban kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mbeya zaidi ya kilomita 800. Kabla ya barabara kuu ya kwenda Zambia kuwekwa lami na kabla ya reli ya TAZARA kuanza kazi katikati ya miaka ya 1970, umbali huo ulimaanisha kwamba muswada ulitumwa kwa posta, ukasubiri, na mtunzi akasubiri pamoja nao. Hakuwa na nafasi ya kuingia ofisini kwa mhariri kuuliza umefikia wapi.

3.0 Mung'ong'o: Mtafiti Aliyetunga Riwaya

Riwaya ya Mirathi ya Hatari ilichapishwa na TPH mwaka 1977. Inamhusu kijana msomi anayerithishwa na baba yake mambo ya uchawi, katika mazingira ya Njombe. Katika riwaya nyingi za kipindi hicho, kijana aliyesoma hutoka kijijini kwenda mjini na kupotea huko. Hapa hatari iko nyumbani, ndani ya ukoo, na inakuja kwa sura ya haki ya mwana kwa baba. Elimu ya shule haimwokoi mhusika kwa kuwa tu ameipata. Inamlazimu achague kati ya kumtii mzazi na kuitii dhamiri yake.

Njozi Iliyopotea ilifuata mwaka 1980, nayo ikachapishwa na TPH. Riwaya hii inahusu kijiji cha ujamaa ambamo matumaini ya usawa yanapotea mikononi mwa watu waliopewa dhamana ya kuyatekeleza. Ni vema kuisoma sambamba na Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi, ambayo nayo inahoji namna wananchi walivyohamishiwa vijijini. Hata hivyo, kwa mwandishi mwenye asili ya Mkoa wa Iringa wa wakati huo, suala hili lilikuwa na historia nzito zaidi. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa huko Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi uliohusu shamba na sera ya ujamaa. Mwamwindi alishitakiwa na kunyongwa. Kuanzia hapo, kuandika juu ya ujamaa kwa mtu wa Iringa kulikuwa ni kuandika juu ya jambo lililomwaga damu ya pande zote mbili.

Swali linalojitokeza ni hili: iliwezekanaje chombo cha umma kichapishe riwaya inayosema kwamba njozi imepotea? Jibu rahisi lingekuwa kwamba wahariri hawakuelewa walichokuwa wakikichapisha. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa jina la riwaya lenyewe halifichi kitu. Maelezo yanayokubalika zaidi yamo katika siasa ya wakati huo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, hasa kifungu chake cha 15, ulikuwa umelaani viongozi wenye majivuno, dharau na ukandamizaji. Ukosoaji wa kiongozi wa kijiji kwa jina la ujamaa wenyewe ulikuwa na uhalali wa kisiasa. Kinachopotea katika riwaya ya Mung'ong'o ni njozi, na njozi hupotea kwa sababu kuna aliyeipoteza. Mwandishi hakuhitaji kuikana njozi yenyewe ili awahoji waliokabidhiwa. Aidha, kwa kulinganisha, Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu za kimaadili. Ulinganisho huu unadokeza kwamba katika miaka ya 1970 mpaka wa uhuru wa mtunzi ulikuwa mkali katika suala la mwili na ngono kuliko katika suala la mwenyekiti wa kijiji.

Upande wa riziki nao unastahili kuangaliwa. Mung'ong'o hakuishi kwa riwaya. Alifanya kazi ya utafiti katika Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Stockholm kilichapisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu jamii na mazingira katika vilima vya Kondoa Irangi. Kuna uhusiano wa karibu kati ya kazi hizo mbili. Mtafiti anayechunguza kwa nini ardhi inaharibika na ni nani anayenufaika na hifadhi yake anauliza maswali yaleyale yanayoulizwa na mwandishi wa Njozi Iliyopotea. Lakini uhusiano huo una gharama yake. Utafiti ulilipa mshahara na ulikuwa na ratiba, ilhali riwaya ilisubiri muda uliobaki. Uhuru wa riziki ulimpa mtunzi nafasi ya kusema alichotaka bila kuhofia kupoteza mkate wake, na papo hapo ukaifanya sanaa yake kuwa kazi ya ziada.

4.0 Karatasi ya Mufindi

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Waandishi wa Tanzania walipoteza kwa mara moja njia ya Nairobi. Vita vya Kagera vya 1978–1979 na mgogoro wa uchumi uliofuata vilipunguza fedha za kigeni, na karatasi ikawa bidhaa adimu. Karatasi iliyopatikana ilielekezwa kwanza kwenye vitabu vya shule, na riwaya zikawekwa nyuma ya foleni.

Katika hali hiyo, kiwanda cha karatasi cha Mgololo wilayani Mufindi, Mkoa wa Iringa, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Kiwanda hicho kilitegemea misitu ya kupandwa ya Sao Hill na kilijengwa kwa uwezo wa kuzalisha takriban tani 60,000 kwa mwaka. Kwa mtazamo wa juujuu, mwandishi wa Iringa alikuwa sasa amekaa juu ya chanzo cha karatasi ya nchi nzima. Hali halisi ilikuwa kinyume. Karatasi ilitoka Mufindi ikiwa katika marobota, ikapelekwa Dar es Salaam kwenye mitambo ya uchapaji, na ikarudi mlimani, ikiwa itarudi, kama kitabu cha kiada au daftari. Mti ulikua Mufindi na msomaji alikuwa Mufindi, lakini uamuzi wa nini kichapishwe ulifanyika mwisho wa barabara. Baada ya kiwanda kubinafsishwa katika miaka ya 2000, uzalishaji ulielemea karatasi za vifungashio, na hata uhusiano huo wa mzunguko ukadhoofika.

Historia ya kiwanda hiki inaonesha kwamba kikwazo cha mwandishi wa Nyanda za Juu Kusini hakikuwa malighafi peke yake. Uchapishaji ni mnyororo wa mhariri, mchapaji, msambazaji na muuzaji, na mtu aliyeshika pingu moja ya mnyororo huo hajaushika wote.

5.0 Kujichapishia: Mfano wa Dar es Salaam na Mipaka Yake

Wakati mashirika ya umma yakiyumba, baadhi ya waandishi wa Dar es Salaam walichagua kujichapishia. Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona (1974) ilitolewa na East African Literature Bureau, alichapisha baadhi ya riwaya zake za baadaye kupitia kampuni yake ya Continental Publishers. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotions. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers, iliyotoa Dar es Salaam Usiku (1990). Baadaye, magazeti binafsi ya miaka ya 1990 na 2000, hasa ya Eric Shigongo, yalitoa hadithi kwa mfululizo, na msomaji alinunua toleo la wiki ili ajue kilichompata mhusika.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, waandishi hao walithibitisha kwamba msomaji wa Kiswahili yuko tayari kutoa fedha yake mwenyewe kwa ajili ya riwaya, bila kushurutishwa na mtaala. Pili, walifanikiwa kwa sababu mitambo, maduka, magazeti na stendi za mabasi vilikuwa karibu nao. Mwandishi wa Mbeya aliyetaka kufanya vivyo hivyo alilazimika kulipa uchapaji wa Dar es Salaam, nauli yake mwenyewe na ya marobota ya vitabu, kisha kuuza nakala katika soko dogo zaidi. Kwa hiyo, riwaya ya kusisimua ya miaka ya 1980 iliyosomwa ndani ya basi la Mbeya mara nyingi ilikuwa imeandikwa na kuchapwa jijini, na mitaa iliyotajwa ndani yake ilikuwa Kariakoo na Magomeni. Msomaji wa Mwanjelwa aliijua mitaa ya Dar es Salaam kupitia riwaya kabla ya kufika huko, wakati msomaji wa Dar es Salaam hakuwa na riwaya ya kumjulisha Mwanjelwa.

Upo upinzani unaostahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kujichapishia kunashusha ubora, kwa kuwa hakuna mhariri wa kumzuia mtunzi. Dai hilo lina ukweli. Riwaya za Mung'ong'o zilipita mikononi mwa wachapishaji wenye wahariri, na mpango wake wa visa unaonesha uangalifu. Lakini dai hilo linachanganya mambo mawili: kukosa mhariri na kukosa mchapishaji mkubwa. Mwandishi huru anaweza kumlipa mhariri, au kupeana miswada na watunzi wenzake. Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira (UWARIDI), unaowahusisha waandishi kama Hussein Tuwa na Fadhy Mtanga, ni mfano wa karne hii wa watunzi kujipangia wenyewe viwango vya kazi na njia za kuwafikia wasomaji. Kinachohitajika ni jicho la pili, na jicho hilo si lazima liwe na nembo ya shirika.

6.0 Malengo ya Mtunzi

Kutokana na mjadala uliotangulia, malengo ya mwandishi huru wa Nyanda za Juu Kusini yanaweza kuelezwa katika ngazi tatu. Lengo la kwanza ni kusomwa. Kwa mtunzi aliye mbali na soko, kusomwa hutangulia kulipwa, na ndiyo maana wengi wamekubali hasara ya uchapaji kwa kipato cha ualimu, kilimo au utumishi wa umma. Lengo la pili ni kuandika mahali pake: kuifanya Njombe, Isimani au Tukuyu iwe mahali ambapo jambo zito linaweza kumpata mtu katika riwaya, kama linavyoweza kumpata Dar es Salaam au Unguja. Lengo la tatu ni kubaki, yaani kazi iwepo baada ya mwandishi.

Lengo la tatu ndilo lililo hatarini zaidi. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inaweka wajibu wa kuwasilisha nakala za machapisho ili zihifadhiwe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Lakini mtunzi aliyechapa nakala chache kwa fedha yake, akaziuza kwa mkono shuleni na kanisani, huona kila nakala kama sehemu ya gharama inayopaswa kurudi. Nakala isiyowasilishwa maktaba haiingii katika orodha, na kazi isiyo katika orodha haiingii katika tasnifu. Kigezo cha kuteua riwaya zilizotolewa na wachapishaji wanaotambulika pekee, ambacho ni rahisi kukitumia katika utafiti, huwaondoa waandishi hawa kabla uchambuzi haujaanza.

Mabadiliko ya karibuni yamefungua milango kadhaa. Huduma za fedha kwa simu, zilizoanza kuenea nchini tangu mwaka 2008, zimemwezesha mtunzi kupokea malipo ya hadithi kutoka kwa msomaji wa mkoa mwingine bila duka la vitabu. Tuzo ya Kiswahili iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, zinapokea miswada. Kupokea muswada kuna maana kubwa kwa mtu wa mbali: kazi yake inasomwa na majaji kabla hajampata mchapishaji, na umbali hauhesabiwi.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba uhuru wa mwandishi wa riwaya katika Nyanda za Juu Kusini ulianza kama hali iliyomkuta kuliko hali aliyoichagua. Alikuwa huru kiriziki kwa sababu hakuna aliyemlipa, na alitumia hali hiyo kusema mambo ambayo mtu anayetegemea soko au ofisi angeyasema kwa tahadhari. Kazi za Mung'ong'o zinathibitisha kwamba sauti hiyo ilikuwepo na ilikuwa na uzito. Zinathibitisha pia kwamba iliweza kusikika pale ambapo mnyororo wa uchapishaji, hata kama ulikuwa wa umma na wa mbali, ulifanya kazi.

Mambo mawili yanafuata. Kwa upande wa historia ya fasihi, uchache wa majina ya Iringa na Mbeya katika orodha za riwaya usichukuliwe kama kipimo cha utunzi, bali kama kipimo cha uchapishaji na uhifadhi. Kwa upande wa utendaji, maktaba za mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, pamoja na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vilivyomo katika mikoa hiyo, zina nafasi ya kukusanya riwaya zilizochapwa na watunzi wenyewe pamoja na miswada yao, kwa kununua nakala badala ya kusubiri zitolewe bure. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuziacha kazi hizo ziishe mmoja baada ya mwingine pamoja na wenye nakala zake.